Nilivyomzika Bosi wa Genge

Kwa duka langu la kinyozi hapa Kawangware 46, TV ikiweka ile movie ya zamani ya majambazi iliyotengenezewa Kibera, mimi ndiye huelezea wateja kila mwigizaji aliishia wapi. Nisipojua, natunga.

Jumamosi, movie hiyo ikiendelea, nilikuwa namnyoa mzee mmoja mwenye ndevu za kufika kifuani.

"Dereva wa genge siku hizi ni pasta huko mtaa wa Satellite," nikasema. "Lakini bosi alikufa. Nilibeba jeneza lake mimi mwenyewe, na lilikuwa zito."

Waliokuwa kwa benchi wakasikitika. Mashine ikamaliza ndevu, kidevu kikatokea na kovu refu. Kwa TV, bosi akageuka na kovu hilo hilo.

Benchi yote ikanigeukia.

Mzee akajiangalia kwa kioo. "Sasa kijana, mlinizika wapi?"