Niliinua Mkono, Kwaya Ikacheka

Mkono wangu ndio ulioharibu. Nalisema mapema hapa gazetini, maana mimi ni mtu wa maneno mengi na najijua. Mkiniacha nizunguke nitajisafisha hadi mnionee huruma. Msinionee!

Mimi nilikuwa mwalimu wa kwaya huku Nakivale, makazi ya wakimbizi Uganda. Nilikimbia Kivu ya Kusini, Kongo, na wengine wengi, nikafika hapa sina kitu zaidi ya nyimbo kichwani. Kwaya niliianzisha chini ya hema, na bila kujisifu, hakuna kwaya iliyokuwa na nidhamu kama yangu. Nikiinua mkono, sauti zote nne zinatoka. Nikifumba vidole, hata mwenye kikohozi anakimeza. Sifa hiyo ndiyo iliyoniponza.

Kulikuwa na kijana wa kwetu, nimwite Amani, ingawa si jina lake. Alikuwa mwimbaji mbaya, Mungu anisamehe, lakini alikuwa na kipaji kimoja: kuiga watangazaji wa habari wa televisheni. Anakaa nyuma ya meza, mkavu kabisa, uso kama wa mtu aliyemeza kijiko, anasoma: "Mvua ilionekana leo asubuhi ikielekea Nakivale. Ilipofika njiani iliulizwa kitambulisho, ikarudi." Sisi hoi! Yeye wala hatabasamu. Anakohoa kidogo, anageuza karatasi isiyo na kitu: "Maharagwe yalialikwa kwenye mkutano na unga. Unga ulifika. Maharagwe yametuma salamu."

Bwana mmoja wa Mbarara aliyekuwa anatengeneza vipindi vya televisheni akamwona, akapenda. Akasema tutarekodi habari za uongo za wakimbizi, mbele ya watu, ukumbini upande wa Nyamitanga, hukohuko Mbarara. Mimi nikamwazima Amani kravati yangu, tai ya kanisani. Nikajiona na mimi ni mtu.

Siku ya kwanza ya kujaribu, ukumbi ulikuwa na watu wachache wanaoona haya. Hawakucheka vizuri. Yule bwana akashika kichwa. "Nyinyi watu, hii kipindi bila kicheko watu nyumbani tajua namna gani hii ni ya kuchekesha? Leta watu nacheka!"

Nikajibu haraka, kabla mtu mwingine hajajibu: "Mimi nina watu."

Ndugu zangu, nilifundisha kwaya ya Mungu kucheka! Baada ya nyimbo za Jumapili tulikuwa na repetisyo, yaani mazoezi, ya kicheko. Sauti ya kwanza inaanza juu, ya pili inaingia, wanaume wanajaza chini. Nikiinua mkono, kicheko. Nikifumba, kimya. Mchungaji alipita akasikia, akauliza ni wimbo gani huo. Nikamwambia ni mazoezi ya pumzi.

Vipindi vya mwanzo vilitoka. Yule bwana alifurahi, lakini Amani hakufurahi hata kidogo. Alikuja kwangu akaniambia kwa heshima, maana aliniita Mwalimu hata nikiwa nimekosa:

"Mwalimu, mutangazaji anachekeshaka sababu yeye hajue kama anachekesha. Bale ba kwaya banacheka mbele ya maneno kwisha. Mutu kwa nyumba anasikia kicheko, hasikie maneno."

"Kijana, kicheko kinaambukiza," nikamwambia. "Mtu akiwa peke yake kwake, akisikia wenzake wanacheka, na yeye anacheka."

"Ndiyo, kikiwa cha kweli. Mama mumoja akicheka kweli, mie namungojea amalize, naenda naye. Lakini kwaya yako haichekake mie, Mwalimu. Inachekaka mukono wako."

Niliudhika. Yaani huyu mtoto ananifundisha mimi kazi ya sauti! Nikamwambia asiye na sauti asifundishe kuimba.

Sasa sikieni sehemu inayonikosesha usingizi.

Wiki moja kabla ya kurekodi tena, Amani alinipa siri yake. Katika vita ya kwanza huko kwetu Kongo, wakikimbia kuvuka mto Ruzizi, mama yao alimfunga yeye na mdogo wake wa kike kiuno kwa kiuno, kwa kitenge. Katikati ya maji, kati ya watu wanaosukumana, fundo likafunguka. Maji yakamchukua mama, kitenge kikabaki na Amani. Mdogo wake, nimwite Faida, hakuonekana tena. Baadaye watu wa kwao walidai walimwona Tanzania na mama mmoja asiye wake, wakielekea mpaka wa Uganda. Basi. Miaka yote hiyo Amani alikuwa anatafuta.

"Nilitangaza ku redio, nilibandika picha ya mama, ya Faida sina, nilipita kila pahali," alisema. "Tangazo la kweli, Mwalimu, hakuna mutu analisikiliza tena. Balichoka. Lakini la kuchekesha, hata mulevi ananyamaza. Nitasoma matangazo ya vilivyopotea, ya kuchekesha yote. La mwisho litakuwa la Faida. Nakuomba kitu kimoja tu. La mwisho, usiinue mukono."

Nikamwahidi. Nikamshika bega, nikasema, "Mwanangu, nimeelewa." Nilimwita mwanangu kwa mdomo huuhuu!

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa, maana safari hii yule bwana alialika pia wake wa wanajeshi kutoka kambini Mbarara. Wanawake wale, jamani! Walikuja na watoto, na karanga, na vicheko vyao wenyewe. Mmoja tulimwita Mama Sajini, mkubwa wa mwili, alikuwa anacheka hadi anampiga jirani yake mgongoni. Na walikuwa hawacheki ninapotaka mimi. Kwaya yangu inacheka hapa, wao wanacheka kule. Naona Amani anawageukia wao, anawasubiri, anawapa neno lingine, wanaanguka tena. Alikuwa mzuri siku hiyo kuliko siku zote, na haikuwa kwa sababu yangu. Nilikuwa na wivu. Ndiyo, wivu, mtu mzima na mvi zangu!

Akaingia kwenye matangazo ya vilivyopotea.

"Inatafutwa sufuria. Jirani aliiazima kwa dakika tano, mwaka juzi." Wakacheka.

"Anatafutwa mbuzi mweusi. Alifungwa na kamba. Kamba iko, mbuzi hayuko. Atakayemwona amwambie kamba inamkumbuka." Mama Sajini alilia machozi. Kwaya yangu nayo niliipandisha, ikajaza ukumbi.

Kisha Amani akasoma la mwisho kwa sauti ileile ya habari, uso uleule mkavu. Lakini mimi nilikuwa nimekaa ubavuni, niliona mikono yake chini ya meza. Ilishika kitambaa cha zamani kilichopauka. Nilikiona. Msiseme sikujua.

"Anatafutwa mutoto musichana, jina lake Faida. Tulipotezana ku Ruzizi. Mama alitufunga na kitenge ku kiuno."

Ukumbi ukanyamaza. Mama Sajini akawaambia wenzake, "Nyamaza! Huyu nasema kweli." Watoto wakaacha kutafuna. Sijawahi kusikia kimya kama kile hata kanisani.

Na mimi, mpumbavu, nikakiogopa! Nilizoea kwamba ukumbi ukinyamaza ni mimi nimeshindwa. Yule bwana wa televisheni akanitazama, kwaya ikanitazama, na Amani akasema, "Kitenge kikabaki na mie." Maneno yalikaa kama yale ya mbuzi na kamba. Mkono wangu ukapanda.

Kwaya yangu haijawahi kuukosa mkono wangu. Walicheka kwa sauti zote nne, vizuri, kama nilivyowafundisha. Waliobaki ukumbini wakadhani kumbe ni mzaha, wakafuata. Amani akamalizia, "Faida, niko Nakivale," lakini hayo aliyasikia yeye na meza yake.

Mama Sajini peke yake hakucheka. Aligeuka akaniangalia. "Mwalimu, wewe nacheka nini?"

Hata hapo ningeweza kuokoa. Yule bwana aliuliza, "Ile ya mwisho, turudie?" Amani alinitazama, poda usoni, jasho limechora mistari. Alikuwa ananingoja mimi niseme, maana kwetu kijana hasemi mbele ya mwalimu wake. Nami nikaogopa kukubali mbele ya wanawake wale kwamba nimekosea. Nikasema, "Hapana. Iko vizuri hivyo."

Iko vizuri! Ole wangu!

Kipindi kilitoka. Nakivale walikitazama kwenye kibanda cha video, na sehemu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ileile. Watoto kwenye bomba la maji walikuwa wanafungana nguo kiunoni, wanaachana, mmoja anapiga kelele, "Kitenge kikabaki na mie!" na wenzake wanacheka kwa zamu, wa kwanza juu, wavulana chini, kama kwaya yangu. Amani alipita pale kila siku na jerikeni yake ya maji.

Hakunigombeza. Heri angenitukana. Alikuja mlangoni, akanirudishia kravati yangu, ameifua na kuikunja. "Aksanti, Mwalimu," alisema. Hakukaa hata nilipomvutia kiti. Hakurekodi tena, na kipindi kikafa.

Baadaye jina lake likatoka kwenye orodha ya wakimbizi wanaopelekwa nchi za mbali. Siku aliyoondoka nilikuwa nafundisha wimbo mpya. Nilisikia basi la wanaosafiri likipita, sikujua ni yeye. Jirani zake walisema aligawa kila kitu, sufuria, godoro, jembe, akaondoka na begi dogo.

Nikasema, haya, yamekwisha, Mungu atamsaidia huko. Binadamu ni mwepesi wa kujifariji.

Kisha kwaya ikaalikwa kuimba Rugaaga, kanisa moja la wakulima. Tuliimba vizuri. Baada ya ibada, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni alisimama pembeni, hanisalimu, anautazama mkono wangu tu. Nikamwambia, "Karibu, dada."

"Ni weye," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, kimechanganyika na Runyankore, lugha ya wenyeji wa huku. "Ni weye ulikuwa ku televizioni. Balionyesha mukono wako, kisha watu bakacheka."

Nilijua kabla hajataja jina lake.

Alikiona kipindi dukani, kwenye senta, siku ileile kilipotoka. Alimtambua kaka yake kwa sauti. Alisikia jina lake, akasikia Ruzizi, akasikia kitenge. Akainuka kwenye benchi. Ndipo akasikia watu wote wanacheka.

"Nikasema, kumbe yaya yangu, kaka yangu wa damu, ananiuza kwa kicheko," aliniambia. "Mama yetu alikufa mu ile maji, na yeye anachekesha watu nayo. Nikamwambia bwana yangu, tuende nyumbani. Nilijua yeye iko Nakivale, balitaja mwanzo. Kutoka hapa ni asubuhi moja na boda. Sikuenda. Nilimukasirikia miaka yote hii."

Nikamwambia kila kitu, kama ninavyowaambia nyinyi. Nilipiga magoti pale nje ya kanisa, kwaya yangu yote inatazama. Nikamwambia kaka yake hakucheka. Nikamwambia ameshapanda ndege, na namba ninayo ila haipatikani, nimeuliza kila mtu, wanasema yuko nchi ya baridi tu.

Hakulia. Alimkaza mtoto mgongoni, akauliza kitu kimoja: "Kale kakitenge, alikuwa nako kweli, ao ilikuwa ya kuchekesha?"

"Alikuwa nacho," nikasema. "Alikishika chini ya meza. Nilikiona."

Hapo ndipo alipolia.

Sasa nawaambia nyinyi mnaotengeneza vichekesho, na nyinyi mnaoalikwa kukaa kwenye viti na kupiga makofi. Kicheko cha kweli kinamsaidia mchekeshaji, niliona kwa Mama Sajini, sibishi tena. Lakini mtu anayejua kucheka kweli anajua pia kunyamaza, na wangu hawakujua, kwa sababu mimi ndiye niliyewafunga mdomo na kuufungua. Msifundishe watu kucheka! Na mkipewa siri na mtu mdogo kwenu, msiseme mmeelewa kama mkono wenu haujaelewa.

Kwaya nimeiacha kwa mwingine.

Na wewe ninayekuita Amani, kama gazeti hili linakufikia huko uliko, hili ni lako. Najua watu hawasikilizi matangazo ya kweli, lakini sina lingine. Anatafutwa kaka, aliyebaki na kitenge cha mama yake Ruzizi. Mdogo wako yuko Rugaaga, ana mume, ana mtoto wa kiume, na mtoto amempa jina lako. Anakuomba msamaha kwa kutokuja. Anasema kitenge usikifue, kibaki kama mama alivyokiacha.