Kipandio cha Saba

Huyu seremala nitakayewasimulia habari zake, nikisema hakuwa na maneno nitakuwa nimemsingizia. Maneno alikuwa nayo, ila aliyatumia kama alivyotumia misumari: pale tu alipoona hakuna njia nyingine. Mtaa mzima walimwita Randa, kwa sababu ya ile randa ya mkono aliyoirithi kwa mjomba wake, ambayo mpini wake ulikuwa umelika mpaka ukachukua umbo la kiganja chake.

Karakana yake ilikuwa ya mlango wa bati. Ndani mlikuwa na meza moja ndefu yenye makovu, patasi zimepangwa ukutani kwa ukubwa wake, na harufu ya mbao mbichi ambayo mkewe alisema anaweza kumtambua nayo hata gizani. Na pembeni, nyuma ya mapipa ya rangi, palikuwa na mlango wa kabati uliogeuzwa uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

Mlango ule ulikuwa kazi ya binti yake. Binti huyo walimwita Futi, maana utotoni hakuwa akilala bila futi kamba ya babake mkononi. Alikulia kwenye maranda, akajifunza kazi, na kufikia miaka ishirini na minne wateja wengine walikuwa wakija wakiuliza, "Futi yupo?" kabla ya kumsalimia mzee. Sasa, miezi miwili nyuma, Futi alichonga ulimi mfupi. Ulimi ndiyo ile ncha ya ubao mmoja inayoingia kwenye tundu la ubao mwingine, na ukiwa mfupi kiungo hakishiki. Badala ya kuanza upya, akakoroga unga wa mbao na gundi, akaziba pengo, akapiga msasa, akanyamaza. Babake akaligundua mteja akiwa amesimama hapo hapo.

Jinsi alivyomsema! Hata yule mteja alianza kuangalia viatu vyake mwenyewe.

"Fundi anayeficha kosa si fundi," Randa alifoka. "Ni mwizi mwenye patasi!"

Alivua aproni, akaitundika kwenye msumari wake, akatoka. Tangu siku ile akawa anauza vifuniko vya simu dukani kwa rafiki yake, na nyumbani akawa anamwamkia babake "shikamoo" kavu kama mbao ya kiangazi.

Ila kulikuwa na jambo ambalo Randa hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mkewe.

Miaka arobaini nyuma, yeye akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, mjomba wake alipewa kazi ya kutengeneza ngazi ya mbao ya meli ya abiria iliyokuwa ikiundwa pale ziwani. Ngazi yenyewe ilitoka sitaha ya chini kwenda sitaha ya juu, nje, peupe, vipandio kumi na kimoja. Mjomba alikuwa mtu wa viungo vya ulimi na tundu, hataki msumari hata kwa dawa. Kijana akaachiwa kipandio cha saba akifanye peke yake. Akaharakisha, maana kulikuwa na mpira jioni ile. Ulimi ukatoka mfupi. Naye, msicheke, akakoroga unga wa mbao na gundi, akaziba pengo, akapiga msasa, akanyamaza.

Kesho yake mjomba alipanda ngazi ile na kushuka mara tatu. Kijana roho ikawa mkononi. Lakini mzee alisema tu, "Nenda ng'ambo ya gati ukaniletee mafuta ya kupaka mbao." Kijana aliporudi na kopo alimkuta mjomba anakung'uta magoti, ngazi ikapakwa mafuta, kazi ikaisha.

Meli ile ilibeba watu miaka ishirini na tano. Kila ilipotia nanga, Randa alitafuta shughuli nyingine ya kufanya. Mwishowe ilichoka, ikafungwa kamba mbali kidogo na ufuko ikisubiri kukatwakatwa, na asubuhi moja ya upepo ikajaza maji ikazama, haina mtu ndani hata paka. Mjomba naye alikuwa ameshazikwa. Ungedhani siri imezama nayo. Wapi! Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake yeye alikuwa ameitembea miaka arobaini na hajafika.

Sasa tuje kwa shemeji yake. Huyu alikuwa mdogo wa mkewe, nesi mstaafu, mwanamke wa kicheko kikubwa na magoti mabovu. Daktari alimshauri aogelee, na pale bwawani akakutana na binti mmoja aliyekuwa anafundisha watu kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa. Nesi akajiandikisha, kisha akamburuta jirani yao fundi wa matairi, aliyeitwa Kiraka. Halafu akaja karakana.

"Shemeji, tunakwenda kuangalia meli zilizozama. Tishari moja ya mizigo, na ile meli ya abiria ya zamani."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia. Mwalimu anasema imekaa wima kwenye mchanga, kina cha mita kumi na mbili tu. Baharini kuna wadudu wanaotafuna mbao, lakini kwenye maji baridi ya ziwa hawapo. Mbao zipo vile vile!"

Randa aliiweka patasi chini taratibu.

"Gundi je?" aliuliza.

"Gundi gani tena?"

"Basi. Niandikishe."

Hilo ndilo lililompeleka majini, wala si kitu kingine. Gundi ya enzi zile ilikuwa adui wa maji. Alijua fika kwamba ikilowa miaka kumi na tano haiachi kitu. Kwa hiyo kipandio cha saba kilikuwa kimeanguka. Alichotaka ni kuliona pengo lile kwa macho yake, kama jino lililong'oka, amalizane nalo.

Wiki sita walijifunza bwawani. Nesi alielea kama aliyezaliwa humo. Kiraka alipiga domo mpaka wakati wa kuwekewa kidomo cha kupumulia.

"Miaka thelathini nawapa watu hewa," alisema akiukumbatia mtungi, "leo ndiyo mara ya kwanza naila mwenyewe."

Randa naye alikuwa na ugonjwa wake. Mwalimu aliwaambia sheria ya kwanza ya mbizi: usibane pumzi, kamwe, hata kidogo. Lakini seremala akitaka kukata kwenye mstari hufanya nini? Hubana pumzi, mkono usitikisike. Kila alipokazia macho kitu chini ya maji, kifua kilijifunga chenyewe, hewa ikamjaa, akapanda juu kama chupa tupu.

"Mzee wangu, pumua!" mwalimu alikuwa akimwambia kila akiibuka. "Kule ziwani ukifanya hivi utaumia mapafu."

"Nimesikia, mwanangu."

"Masikio yamesikia. Kifua je?"

Siku ya safari waliondoka asubuhi kwa boti ndogo, maji yametulia, jua lina adabu. Wakajikaza kwenye suti za mpira. Kiraka alimtazama Nesi, akajitazama na yeye, akasema, "Tumekuwa kama matairi ya ndani." Nesi akamwambia afunge mdomo kabla hajamjaza upepo.

Kwanza walishukia tishari. Ilikuwa sanduku la chuma lenye kutu, samaki wadogo wakitokea na kuingia kwenye matundu yake kama wenye nyumba wanaoshangaa wageni. Baada ya hapo wakafuata kamba iliyofungwa kati ya vyombo viwili, na meli ikatokea mbele yao kwenye ukijani wa maji, kubwa, imenyamaza.

Randa aliiona ngazi kwa mbali. Akaanza kuhesabu kutoka chini. Moja, mbili, tatu. Matope na majani ya maji yalifunika, akakaza macho. Nne. Tano. Hapo, ndugu zangu, kifua kikajifunga. Akajikuta anapanda, ngazi inamkimbia chini ya miguu. Mwalimu alimdaka pezi la mguuni, akamminya bega, akamwonyesha mdomo kwa vidole: toa hewa, toa hewa. Akaitoa. Lakini mwalimu hakutaka mchezo. Akawaonyesha wote kidole gumba juu, yaani turudi, na wakapanda polepole.

Kwenye boti Randa alikaa ameinama, maji yanamchuruzika.

"Mtungi wa pili upo," mwalimu alisema. "Lakini mzee wangu, ukibana tena, nakurudisha na safari yako imeishia hapo. Sitaki kwenda kumpa mkeo maelezo."

"Shemeji, kuna nini kwenye ile ngazi?" Nesi aliuliza. Hakuwa anacheka. "Ulikuwa unaifuata kama mtu anayedaiwa nayo."

Akawaambia. Yote: mpira, gundi, unga wa mbao, mafuta ya ng'ambo ya gati. Kiraka alifungua mdomo atie neno, akaufunga, na hilo peke yake lilikuwa la kihistoria.

"Na ukamwita mwanangu mwizi," Nesi alisema hatimaye. "Mimi mama yake mdogo nimekaa naye, analia, na wewe kumbe..."

"Ndiyo."

Boti iliyumba kidogo. Kiraka akamgeukia Randa.

"Wewe bwana, ukipiga randa unabana pumzi?"

"Hapana. Nikikata ndiyo nabana. Randa huwezi. Ukisukuma unatoa, ukivuta unaingiza."

"Basi nenda kapige randa huko chini! Nani amekwambia ukate?"

Mwalimu alimtazama Kiraka kama mtu aliyeokota kitu cha thamani kwenye taka.

Saa moja baadaye walishuka tena. Randa alishuka mikono yake ikienda mbele na kurudi nyuma juu ya ubao usiokuwepo. Sukuma, mapovu yakatoka. Vuta, hewa ikaingia. Mtu asiyejua angedhani mzee amepagawa. Alifika chini ya ngazi akiwa ametulia kama aliye mezani kwake. Akahesabu. Moja, mbili, tatu, sukuma, vuta. Nne, tano, sita.

Saba.

Kilikuwepo. Kimenyooka sawa na ndugu zake wa juu na wa chini.

Alidhani amekosea, akahesabu upya kutoka juu, kikawa cha tano. Kilikuwa chenyewe. Akapapasa kiungo, matope yakapaa. Pale alipoweka gundi kidole kilizama kwenye pengo tupu. Gundi ilikuwa imekwenda zake, kama alivyojua. Sasa nini kimekishikilia? Akapeleka mkono chini, upande ambao mpanda ngazi hauoni, na vidole vikagonga kitu. Kijiti. Na kingine pembeni. Mwalimu akamulika tochi. Vilikuwa vijiti viwili vya mti mgumu, vya pembe nne, vimepigwa kwa mshazari mpaka ndani ya mhimili, ule ubao wa ubavuni mwa ngazi.

Mtu mmoja tu duniani alichonga vijiti vyake vya pembe nne. "Kijiti cha duara huzunguka," mjomba alikuwa akisema, "kama mtu asiye na msimamo."

Mafuta ng'ambo ya gati. Magoti yenye vumbi.

Randa alibaki ameshika vile vijiti, na mapovu yake yakapanda, yakapanda, bila kukatika hata mara moja. Machozi ndani ya miwani ya maji ni tabu, nawaambia, maana huna pa kuyafutia.

Kwenye boti alicheka kwanza, ndipo akaweza kusema.

"Alijua. Akanitafutia cha kunituma, akapiga magoti akairekebisha ngazi, hakusema neno mpaka anakufa."

"Mzee alikuwa mtu!" Kiraka alisema.

"Alikuwa mtu," Randa alikubali. "Lakini angeniambia, ningepumzika miaka arobaini iliyopita."

Nesi alimpa taulo. "Na wewe unaye wa kumwambia," alisema.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwenye lile duka la simu. Alisimama kati ya vifuniko vya rangi za peremende, mkubwa kuliko mlango, na Futi akamwamkia "shikamoo" yake kavu.

"Marahaba. Nina kazi, mwanangu. Sikuja kukuamuru. Nakuomba."

"Kazi gani, baba?"

"Ya kukusimulia jambo. Halafu kuna mlango."

Futi alikuja saa za chakula cha mchana, mkoba begani, akasimama karibu na bati kama asiyekusudia kukaa. Randa alimsimulia, hakuruka hata ule mpira. Alipofika kwenye vijiti, Futi alikuwa ameshakaa juu ya meza, miguu inaning'inia, kama zamani.

"Kwa hiyo nawe mwizi mwenye patasi," alisema.

"Mkubwa wao. Neno lile nilitafuta wa kumtupia, ukawa karibu. Nisamehe."

Futi hakusema amesamehe. Aliuendea ule mlango nyuma ya mapipa, akaugeuza, akaulaza mezani, akakwangua gundi yake kwa kucha.

"Tungeweza kukata ulimi mpya," alisema.

"Tungeweza. Au vijiti. Kazi yako, amua wewe."

Aliamua vijiti. Vya pembe nne. Akachukua aproni kwenye msumari, akapima, akachora mstari, akashusha msumeno mdogo. Babake alishika upande wa pili wa mlango usicheze. Futi akakaza macho kwenye ule mstari, shingo imenyooka, mabega yametulia, na kifua chake, Randa alikiona, kikajifunga.

"Pumua," alimwambia.