Alama ya Chaki Mlangoni

"Umeniuza, wifi! Tena mchana kweupe!"

"Nimekuuza wapi? Nimejibu maswali tu."

"Hapana tatu! Hata kwa mama anayekufa ukasema hapana!"

Mama Pasi alisema hayo huku akiisukuma pasi ya mkaa juu ya shati jeupe la mwalimu. Pasi yenyewe ilikuwa nzito, akiitua mezani paka wa mtaa wa pili wanaruka usingizini. Miaka ishirini alinyoosha nguo za watu bila kuunguza hata kola. Leo mgongo wa shati ulikuwa umeanza kuwa wa kahawia, naye haoni.

Asubuhi, alipokwenda kupeleka nguo za wateja, walipita watu wa kukusanya maoni. Walitaka kujua mkoa mzima unasemaje kuhusu sheria ya kutoa mimba: iruhusiwe mama akiwa hatarini? Akiwa amebakwa? Mtoto akiwa hawezi kuishi? Kila nyumba anajibu mtu mmoja, kisha mlango unachorwa alama ya chaki ili usirudiwe. Wakamkuta wifi yake, dada wa mumewe, yule waliyemwita Redio. Habari ikimwingia sikio la kulia, kabla haijafika la kushoto mtaa mzima unayo.

"Akina mama wa kikundi walikuwa wamekaa hapo nje," Redio alisema, sauti ikishuka. "Macho yote kwangu. Ningesema ndiyo, wangeuliza mambo hayo nimeyajulia wapi."

"Si umejulia kwangu!"

Hapo ndipo palipouma. Miaka saba nyuma, mimba ya Mama Pasi iliharibika tumboni. Homa ikampanda, damu haikatiki, na daktari akasema wakisubiri watazika wawili. Mume alikuwa safarini. Aliyeweka dole gumba kwenye karatasi ya hospitali ya kukubali mimba itolewe ni Redio. Wakaambizana waseme imetoka yenyewe, hata mume aambiwe hivyo hivyo. Redio, mtangaza kila kitu, hilo moja akalifungia, na Mama Pasi akampenda kuliko ndugu wa tumbo moja.

"Siku ile ulisema ndiyo nikapona. Leo ukasema hapana. Ningekuwa wapi mimi, wifi?"

"Siri yako si nimeitunza?"

"Siri umeitunza, lakini mimi mwenyewe umenizika."

"Jamani, ni karatasi tu! Nani atakayeisoma?"

"Wanaotunga sheria. Siku binti yako akilazwa pale nilipolazwa, daktari atamwambia mkoa ulikataa. Mkoa wenyewe ndio wewe, na kilemba chako!"

Redio akashika kilemba kana kwamba kimeitwa jina. "Haya, yameshapita. Alama ipo mlangoni, hawarudi."

"Ipo?"

Redio akageuka. Mlango ulikuwa umelowa, na kitambaa cha kupigia pasi kinaning'inia kwenye kitasa, cheupe kwa chaki.

"Umefuta!"

"Wakipita tena, najibu mwenyewe."

"Utawaambia nini? Wale kina mama bado wako hapo nje! Kaka atasikia kabla hajavua viatu! Nakupigia magoti, wifi, utaivunja nyumba yako kwa ajili ya—"

"Hodi humu!"

Akaingia mwanamke mrefu, si miongoni mwa wale wa asubuhi, na faili kwapani na chaki mkononi. Akanusa hewa, akatazama moshi unaopanda kutoka kwenye shati.

"Samahani, kina mama. Mlango wenu hauna alama. Nani ataijibia nyumba hii?"

Redio akafungua mdomo. Mama Pasi akaitua pasi. "Mimi," akasema.