Keziah Trodd, mpiga picha aliyemtuliza sajini

Saa tatu asubuhi, mvua imekatika Aldershot, mji wa kambi ya jeshi Uingereza, na Bi Keziah Trodd anamfokea sajini mzima bila woga.

"Tulia, Sajini Budgen! Kioo hiki cha picha kikikauka dawa, tumeula wa chuya."

Sajini amevaa koti jekundu lenye kola ya njano, vifungo vinamemeta. Chuma cha kushikilia kichwa kimefichwa nyuma ya shingo. Lakini mikono inatetemeka. Homa ya Bara Hindi ndiyo iliyomwachia zawadi hiyo. Studio mbili zimeshamfukuza. Kesho kikosi chake kinapanda meli, na mkewe, Dorcas, aliyesimama kando, hana hata picha moja ya mumewe.

Vioo viwili vimeshaharibika. Katika kila kimoja sajini ana mikono sita.

Kwa Bi Keziah nako si mchezo. Tangu afiwe na mumewe, aliyemwachia kazi hii, askari hupita mlangoni wakicheka.

"Eti mwanamke atapaka dawa kwenye kioo kama siagi kwenye mkate!" Bi Keziah anawaiga. Wiki nzima hupata wateja watatu, shilingi moja kila mmoja. "Huyu akitoka vizuri, wenzake watakuja. Akiharibika, nafunga duka."

Anatia kioo cha tatu kwenye kamera.

"Sajini, lindoni nako unatetemeka?"

"Lindoni? Thubutu! Hata nzi akitua puani, sipepesi."

"Sasa hapa una nini?"

"Hapa nina mikono mitupu, mama. Kule nina bunduki, tena naamrishwa kijeshi."

Bi Keziah anampa sajini bunduki yake iliyoegemezwa ukutani, kisha anamgeukia Dorcas, ambaye amefua nguo za kambini miaka nenda rudi na anazijua sauti za wakubwa wote. "Haya, mwamrishe."

Dorcas anavuta pumzi, anatoa sauti nene ya kutisha: "Mguuuu... sawa!"

Sajini anakakamaa kama nguzo. Bi Keziah anafunua lenzi, anahesabu polepole, anafunika.

"Ningejua," Dorcas anasema, "ningekuamrisha hivyo tangu siku ya harusi!"

Kioo kinatoka kwenye dawa na sajini wake, mikono miwili tu. Koti limekuwa jeusi, maana kioo hakiujui wekundu. Bi Keziah atalirudishia rangi kwa brashi. Dorcas anacheka huku machozi yakimtiririka.

Sajini anakwenda kuwasimulia wenzake kambini, na kufikia mchana masajini wamepanga foleni hadi barabarani, na Dorcas anawaamrisha mmoja mmoja.

"Namwita fundi wa vibao," anasema Bi Keziah, vidole vyeusi kwa dawa. "Pale mlangoni palipoandikwa Trodd, aongeze Keziah. Herufi kubwa, zisomeke kutoka kambini."