Udi kwenye Makoti ya Bendi

Wifi yangu Ummulkheir hawezi uchafu. Hawezi kabisa! Akiingia choo cha kituo cha mafuta hutoka kajiziba pua kwa mtandio, machozi yanamlengalenga. Kazaliwa Mji wa Kale, Mombasa, kaolewa na kaka yangu Aboud, na sasa ana duka la ushonaji hapa ughaibuni, Brooklyn Center, anapunguza suruali na kutia zipu. Mteja akileta nguo inayonuka, humrudisha mlangoni. "Kaifue kwanza, dada." Basi.

Bintiye Fatimah anapiga tromboni kwenye bendi ya shule, huko juu karibu na Champlin. Watu walisema weee: mtoto wa kike, na matarumbeta, tena barabarani! Ummulkheir hakuwasikiza. Yeye mwenyewe utotoni alikuwa akilifuata beni la harusi mtaa hadi mtaa, anarudi anachapwa, na kesho anatoka tena. Mwaka huu alitaka kitu kimoja tu: asimame kando ya barabara siku ya gwaride la kiangazi, amwone mwanawe akipita anapuliza, na watu wajue kuwa yule ni wake.

Shuleni kwao wazazi hupokezana zamu za kusaidia. Zamu yake ikafika, kazi yenyewe kukagua sare, vifungo na pindo. Akaniomba nimsindikize. Laiti ningekataa.

Mtume! Uvundo uliotupokea chumba cha bendi sijapata kuunusa. Makoti ya sufu yametundikwa yamebanana, jasho la mwaka jana limegandia kwapani mpaka limekuwa jeupe. Kofia ndani zina mafuta ya vichwa vya watoto waliokwisha kumaliza shule. Glavu za wasichana wa dansi, wale wanaotangulia mbele ya bendi wakirusha miguu, zimesukumizwa mbichi ndani ya ndoo, zimeota ukungu. Na watoto wamekaa mle mle wanakula chipsi! Kijana mmoja akafungua kitundu cha tromboni yake, akapuliza, mate chururu kwenye zulia, akayasugua kwa kiatu. Nikakimbia nje kutapika. Mama mmoja wa kamati akanifuata akicheka, ati makoti hupelekwa kwa dobi mara moja kwa mwaka, na mwaka jana walisahau. Walisahau! Na anacheka!

Ummulkheir hakucheka. Alimwomba yule mama ruhusa, akayapakia makoti yote kwenye gari la Aboud. Nyumba yake wiki ile haikukalika. Aliyapangusa kwa siki, kwapa baada ya kwapa, akayaanika roshani, na yalipokauka akafanya kile ambacho mwanamke wa kwetu hufanya kwa nguo anayoiheshimu: akawasha kaa, akatia udi kwenye chetezo, akayafukiza moja moja. Tena udi wa maana, ule aliouweka kwa ajili ya Idi. Fatimah mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpokea makoti na kuyatundika.

Nikamwambia, "Wifi, udi huu kwa watu wanaotema mate kwenye zulia?"

"Mwanangu atavaa moja," akanijibu. "Na wenzake nao ni wana wa watu."

Jioni ya mazoezi ya mwisho tuliyapeleka sisi wenyewe, tukasimama nyuma ya chumba kutazama. Watoto wakavaa, wakaanza kunusana na kucheka. Mwalimu wa bendi hajui hili wala lile, mambo ya sare huwaachia wazazi. Akatia pua kwenye kola moja, akakunja uso. Yeye! Kaishi na uvundo ule mwaka mzima hajapiga chafya, leo udi ndio unamchefua! Akawapanga mistari, wasichana wa dansi mbele, wapigaji nyuma, akauliza kwa ukali nani kavuta nini ndani ya sare za shule. Asiposema mtu, hakuna gwaride.

Msichana mmoja wa dansi akageuka nyuma. "Fatimah, hii si harufu ya mtandio wako?"

Fatimah kauvaa udi ule tangu yuko nepi. Anatuona tumesimama pale. Akasema kwa Kiingereza chake kile laini, "Hapana. Sijui harufu gani hii. Labda yalikaa kwenye nyumba chafu ya mtu."

Nyumba chafu! Nilitaka kumvuta sikio mbele yao wote. Ummulkheir akanishika mkono, akapita mbele. "Ni mimi nimeyafukiza," akamwambia mwalimu. "Ni manukato. Watoto hawana makosa." Mwalimu akawa mwekundu, akashukuru kwa shida, akaomba sare zisichukuliwe tena majumbani. Fatimah alikuwa anaangalia viatu vyake. Mwalimu hakujua yule ni mama wa nani, watoto wenye hijabu mle ni wengi, na hakuna aliyemwambia.

Siku ya gwaride nilidhani wifi hatakwenda. Alikwenda, kavaa buibui lake jipya, tukasimama mbele kabisa. Wasichana wa dansi wakapita na glavu zao mbichi, aka! halafu tromboni. Fatimah akatuona, akaachia mkono mmoja kwenye tromboni, akapunga.

Bibi mmoja wa Kizungu aliyekaa kitini karibu yetu akamtazama wifi yangu kwa uchangamfu. "Wako ni yupi?"

Ummulkheir alikuwa anamtazama Fatimah moja kwa moja usoni. Mikono haikutoka ndani ya buibui.

"Sina," akasema. "Mimi napenda muziki tu."

Fatimah bado alikuwa anapunga.