Mwavuli Mezani

Ni kweli: nilikaa hotelini Matema mchana kutwa uso wangu ukiwa ndani ya menyu. Nimelikana jambo hili mbele ya walimu wenzangu, mbele ya akina mama wa kwaya, na mbele ya mume wangu, ambaye alikuwepo na aliona kwa macho yake. Nilikuwa nikisema menyu ile ilikuwa na maandishi madogo. Haikuwa na maandishi madogo. Baba mkwe wangu alikuwa ameketi meza chache kutoka kwangu, na mimi, mwanamke mwenye shahada mbili, nilikuwa ninamkimbia.

Kwa asiyetujua: kwetu Wanyakyusa mke hatazamani na baba wa mumewe. Akimwona anakuja huacha njia, hata kama pembeni ya njia kuna mtaro. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Si chuki, ni heshima, ila ni heshima inayotaka miguu yenye mbio. Nilipokuwa chuo kikuu niliandika insha ndefu ya kuishambulia mila hii, na mwalimu wangu akanipa alama nzuri. Kisha nikaolewa. Mara ya kwanza kusikia kikohozi cha baba mkwe nje ya uzio, nilijikuta nimesimama katikati ya miti ya kakao, mwiko mkononi.

Kwa miaka mingi tulielewana hivyo. Yeye alikaa kwake Ngonga, sisi Kyela mjini, na mume wangu akawa ndiye mjumbe. Shida ilianza baada ya mama mkwe kufariki. Nyumba ya Ngonga iko bondeni, na kila masika maji huingia ndani bila kupiga hodi. Masika ya mwaka ule mzee alilala juu ya meza. Jicho lake moja lilikuwa limeshaanza kuingia ukungu. Tukamwomba ahamie kwetu kabla mvua hazijarudi. Alikataa, na sababu aliyotoa ilikuwa moja tu: nyumba yetu ina korido moja.

Hapo mume wangu akapata wazo. Ni mtu mwema, lakini mawazo yake huwa na gharama. Alisema mila ina makazi yake nyumbani, hotelini ni mgeni kama sisi. Akitukalisha mimi na baba yake meza moja, mahali penye vitambaa vyeupe na Wazungu waliovaa kaptula, aibu itatuisha sote wawili bila sisi kutambua, na suala la korido litakwisha. Nilikubali. Nilikubali kwa sauti ya msomi kabisa.

Nilitangulia kufika. Nikapewa meza inayotazama ziwa, yenye uma nyingi kuliko vyakula nilivyotarajia kula, nikakaa nikirudia moyoni maneno yangu: shikamoo baba, karibu. Kisha gari likasimama nje, nikasikia kile kikohozi.

Sikumbuki kuinuka. Nilijitambua nikiwa meza ya kona, nimeifungua menyu mbele ya uso. Ilikuwa menyu nzuri, pana, yenye jalada la ngozi. Nadhani aliyeitengeneza alikuwa na wakwe.

Mzee naye hakuzembea. Aliuliza mkwe yuko upande gani, na mume wangu, akiwa ameshaanza kuchoka, akamwonyesha kona yangu kwa kidevu. Mzee akaketi. Akachukua mwavuli wake mweusi, maana Kyela hakuna mzee anayetoka bila mwavuli, akaufungua humohumo ukumbini na kuuegemeza begani, upande wangu.

Mhudumu, dada mmoja mpole aliyehamia kwetu kutoka Tanga, alikuja mbio huku akitazama darini.

“Shikamoo babu. Panavuja?”

“Marahaba. Hapavuji, mwanangu. Kuna mkwe.”

Yule dada alisema sawa, kisha akaleta ndoo. Aliiweka karibu na kiti cha mzee, akairekebisha kidogo kufuata mahali alipodhani tone litaanguka. Baada yake akaja meneja. Alisikiliza maelezo, akayachukulia kuwa ni uungwana wa mzee asiyetaka kulalamika, akamwomba mume wangu watoke nje akamwonyeshe jinsi paa lilivyotengenezwa upya. Mume wangu akamfuata ili kumhakikishia kuwa paa ni zima. Kwa muda mrefu nikawa ninasikia sauti yake huko nje, akimweleza mila za Wanyakyusa kuanzia mwanzo.

Mimi nilikuwa nimeagiza ugali na mboga bila kuinua macho. Yule dada aliniuliza kama kuna mtu ninamsubiri. Nikasema hapana. Akanitazama kwa huruma ambayo sikuistahili, akaniongezea kachumbari.

Kwa mzee alipeleka mbasa, samaki mzima, na kisu na uma. Mbasa ni mtamu, lakini ana miiba. Mtu mwenye jicho moja la kutegemea anatakiwa kumla kwa vidole, taratibu, akiwa kwake. Mzee, kwa heshima ya vitambaa vyeupe, alitumia uma.

Nikasikia kikohozi kingine, na hiki kilikatika katikati. Mwavuli ukaanza kutikisika. Yule dada alifika kwanza, akiwa ameshtuka, na mafunzo ya kazi yakamtoka yenyewe: akamuuliza babu anapenda maji yenye gesi au yasiyo na gesi.

Ningependa kusema kwamba nilitafakari. Nilimega tonge kubwa la ugali, nikavuka ukumbi menyu ikiwa bado usoni, nikaipiga ndoo teke, nikapiga magoti upande wangu wa mwavuli na kupitisha mkono chini yake. Tonge likachukuliwa. Nikamsikia akimeza, akimeza tena, kisha akavuta pumzi ndefu.

“Ndaga,” sauti ikasema upande wa pili.

Ndiyo asante yetu. Sikujua anaambiwa nani, mimi au ugali. Nilirudi kinyumenyume hadi kwenye kona yangu.

Mume wangu aliporudi alimkuta baba yake nyuma ya mwavuli na mkewe nyuma ya menyu, kama alivyotuacha, akaona mpango umeshindikana. Mzee alirudishwa Ngonga bila kusema ndiyo wala hapana. Mvua za kwanza zikaanza kunyesha, na mume wangu akaanza kuulizia bei ya mawe ya kuinua sakafu, ingawa sote tulijua maji yale hayaogopi mawe. Habari za tonge sikumwambia. Mtu anayekana menyu hawezi kujisifu kwa mkono.

Asubuhi moja nilikuwa ninapepeta mchele, simu yangu ikaita. Ilikuwa namba ya mzee, ambayo siku zote humpigia mwanawe. Nikadhani amekosea. Niliposikia sauti yake niliruka nyuma ya mlango wa jikoni, japo yeye alikuwa Ngonga.

“Usikimbie,” akasema. “Nimewauliza wazee wenzangu. Mkono si mtu. Mkono ulinilisha, wewe sikukuona.”

Nikayatoa maneno yangu ya kwanza kwake tangu niolewe.

“Na sauti je, baba?”

“Sauti ya kwenye simu ni ya kampuni.”

Akaniambia maji yameshafika kizingitini. Kile chumba chetu cha stoo huko uani, chenye mlango wake, kinamtosha. Korido ananiachia mimi. Nikitaka kujua kama ameamka, au kama anataka chai, nimpigie.

“Mwambie mwenzako alete gari Jumamosi,” akasema. “Aje mapema, barabara ikiwa bado inapitika.”