Kadi za Pumzi

Siku za mbalamwezi mitumbwi ya dagaa haitoki Kibirizi. Mwezi ukishajaa, mwanga wake unaenea ziwa zima, na dagaa hawana sababu ya kufuata taa ya mtu. Wavuvi wanalala, wanashona nyavu, wanagombana na wake zao, na sisi tunaoanika tunabaki na vichanja vitupu. Ni siku hizo nilipoanza kusogea kwenye banda la fundi wa injini za boti, kumtazama mdogo wangu akicheza kadi za mieleka.

Kwetu tuko watatu, na mimi ndiye wa kwanza. Baba alitangulia, mama akafuata, nikaacha shule darasa la sita na kushika vichanja vya mama. Kitinda mimba alilia sana, kisha akaanza kucheza tena. Huyu wa pili hakulia. Alinyamaza. Alikwenda shule, akarudi nyumbani Gungu, akafua, akapika, akajibu alichoulizwa, basi. Majirani walimsifu kuwa ni binti mwenye adabu. Mimi nilikuwa nalala naye chumba kimoja, nilijua ile si adabu.

Zile kadi ndizo zilizomfungua mdomo. Ziliuzwa madukani kwenye pakiti ndogo pamoja na bablishi, na sikukuu moja ya Idi nilimnunulia pakiti mbili bila kufikiri. Ndani ya moja akatoka jitu la kifua kipana, mkanda wa dhahabu kiunoni. Pwani nzima ya Kibirizi walimwita Mwenye Mkanda, na hakuna aliyekuwa naye. Kesho yake mdogo wangu alikwenda bandani peke yake, msichana pekee katikati ya vijana wa mitumbwi. Fundi, mtu mzima wa Ujiji mwenye vidole vyeusi kwa grisi, alimuuliza, "Dau unalo?" Akamwonyesha. Fundi akafuta benchi kwa kitambaa. "Kaa, mwanangu."

Dau ndilo sheria ya pale. Asubuhi watu walicheza kwa mazoezi, hakuna kupotezana. Jioni kila mmoja aliweka kadi moja mezani, zenye thamani sawa, na mshindi akachukua zote mbili. Asiye na kadi ya kuweka alimwachia mwingine benchi, asubuhi na jioni. Mdogo wangu alikuwa na kadi nyingi za kawaida, za pakiti nilizoendelea kumnunulia, lakini yenye thamani ya kuweka dau ilikuwa moja tu. Siku Mwenye Mkanda akienda, benchi nalo linakwenda, na mimi nilikuwa nimeshazoea kusikia mtu akiongea wakati wa kula.

Mchezo wenyewe nilijifunza kwa kuuliza, na niliuliza mpaka wakachoka. Kila mchezaji anaanza na maharage ishirini mbele yake. Hayo ndiyo mwili wake. Anapanga kadi zake thelathini, anazichanganya, anashika tano mkononi, kisha anavuta moja kila zamu. Kadi za mapigo zinamwondolea mwenzako maharage. Kadi za kinga zinazuia pigo. Halafu ziko kadi za pumzi. Kofi dogo linataka pumzi moja, kumnyanyua mtu na kumbwaga kunataka nne, na Mwenye Mkanda mwenyewe hashuki ulingoni bila pumzi sita. Maharage yakiisha, umelala chali.

Kadi za pumzi hazina picha ya mtu. Zina rangi ya bluu tu, mchoro wa mapafu katikati, na kila pakiti inakuja nazo kwa wingi. Vijana walizitupa. Fundi alikuwa amekunja kadhaa na kuziweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.

Mara ya kwanza nilimsaidia mdogo wangu kupanga kadi kama ninavyojua kupanga. Kazi yangu ni kuchambua. Dagaa wakikauka unaondoa mchanga, unaondoa chenga, unatenga wakubwa, kwa sababu mnunuzi anayekuja na treni anaangalia sura ya gunia kwanza. Basi nilikaa mkekani nikachambua. Mapigo makubwa huku, madogo kule, na zile za bluu nikazifagia pembeni pamoja na maganda ya njugu.

"Hizi chenga tupa," nikamwambia.

Hakubisha. Alikwenda nazo kwenye mazoezi ya asubuhi, akapigwa na mtoto wa muuza chai.

Alirudi amekasirika, jambo ambalo sikuwa nimeliona muda mrefu. "Dada, nimekaa na majitu matano mkononi, hakuna hata mmoja anayenyanyuka!"

"Kwa nini?"

"Hawana pumzi. Umezitupa."

Tukaanza kuchunguza. Hilo ndilo lilinikamata, kwa sababu nilidhani mchezo ule ni bahati tupu. Tulichanganya kadi, tukagawa tano, tukatazama: je, mkono huu unaweza kufanya chochote? Tukarudisha, tukachanganya tena. Pumzi zikiwa chache, majitu yanakaa bure. Zikiwa nyingi mno, una mapafu bila mikono. Mdogo wangu alitoa moja, akaongeza mbili, akaonja tena, kama mtu anayetafuta chumvi ya mchuzi. Mwisho karibu nusu ya kadi zake zilikuwa za bluu, nyingine amezichomoa chini ya mguu wa meza ya fundi, akaweka kipande cha mti badala yake. Mapigo aliacha madogo. Kinga akaongeza.

Halafu akamtoa Mwenye Mkanda.

"Huyo tena?" nikashtuka. "Si ndiye mkubwa wao?"

"Pumzi sita, dada. Nikisubiri nizipate zote, nimeshapigwa mara ngapi? Angalia." Akagawa. Mwenye Mkanda akaja wa kwanza, akakaa pale mkononi na mkanda wake, akichukua nafasi ya kinga. Nilimfikiria mtu mnene anayepanda mtumbwi akisubiri kazi ya kumfaa, wakati maji yanaingia na hashiki hata kopo.

Mbalamwezi iliyofuata nahodha kijana, mzaliwa wa Ilagala, alimtaka mchezo wa jioni. Yeye alikuwa na mapigo makubwa kuliko mtu yeyote na aliyaita kikosi. Aliniona nikiingia, akanisalimia kwa Kiha.

"Shemeji, mwakeye! Umeleta kitambaa? Mdogo wako leo atalia."

"Shemeji wa nani? Hata posa hujaleta."

Banda likacheka. Mdogo wangu akamweka Mwenye Mkanda mezani kama dau, akaanza kuchanganya zile nyingine. Nahodha akaweka jitu lake moja kubwa kando yake, kisha akatazama.

"Ngoja kwanza. Huyu hachezi?"

"Hachezi."

"Umemweka dau na humtumii? Yaani bwana harusi anaangalia harusi yake dirishani?"

"Ndiyo," alisema mdogo wangu. "Anza wewe."

Zamu za mwanzo nahodha hakuweza kitu kikubwa. Alishika kadi zake karibu na kifua, akavuta, akasonya. Mdogo wangu akapiga kofi. Harage moja. Akapiga tena. Mawili. Vijana waliokuwa wakitania walisogea. Maharage ya nahodha yakabaki saba, ya mdogo wangu kumi na tano, na mimi nikajikuta nimeshika nguzo ya banda.

Kisha pumzi zikamjia nahodha, tatu mfululizo. Akabwaga pigo la kwanza. Mdogo wangu akaweka kinga. La pili, kinga. La tatu hakuwa na kitu, yakaenda maharage matano. Akavuta, pumzi. Akavuta tena, pumzi, na matano mengine yakaenda. Nahodha alisimama kabisa kupiga la mwisho, kadi ikalia mezani, na harage la mwisho likaviringika mpaka chini ya injini.

Alimchukua Mwenye Mkanda, akambusu usoni. Mdogo wangu alikusanya kadi zake, akainuka kwenye benchi, akasema "Asanteni," kwa ile sauti ya adabu.

Njiani kupanda Gungu nilimuuliza tulikosea wapi.

"Hatukukosea. Kadi hazikuja tu."

Neno hilo lilinisumbua. Nilirudi nalo kwenye vichanja, nikawa naligeuza pamoja na dagaa: mtu anaweza kupanga sawasawa na bado akalala chali? Naye alirudia kujibu alichoulizwa, basi.

Mwezi ulipojaa tena nilikuwa natengeneza kichanja kilicholegea nilipomwona nahodha anakuja na kopo la kadi kwapani. Safari hii hakuniita shemeji.

"Dada, shikamoo. Mdogo wako yupo?"

"Unamtakia nini?"

Akakuna kisogo. Tangu amweke Mwenye Mkanda kwenye kikosi, alisema, hajashinda hata mazoezi ya asubuhi. Hata mtoto wa muuza chai amempiga. "Anipangie. Mimi nikiweka nashindwa kutoa. Kila mmoja naona mzuri."

Nilimwambia ukweli kwamba mdogo wangu hana benchi tena. Akasema ameshamuuliza fundi, na fundi amejibu kwamba dau ni la anayecheza. Anayepanga anakaa anapotaka.

Mdogo wangu aliporudi kutoka shule nilimpa habari. Hakubadilisha hata sare, akaenda bandani. Nilibaki na misumari yangu, nikijifanya nagonga. Banda haliko mbali, na ziwa siku ile lilikuwa limetulia, kwa hiyo nilisikia kopo likimwagwa mezani, kisha sauti yake, kali, ya juu, sauti ya mama siku ya soko.

"Huyu toa. Toa! Huyu naye wa nini? Na Mwenye Mkanda huyo mtie mfukoni, utamtazama ukiwa na njaa. Wewe, inua meza hapo, nipe za bluu zilizobaki!"

Nahodha akajaribu kujitetea, sikusikia vizuri alichosema.

"Pumzi kwanza, kaka!" akamkatiza, na banda zima likacheka naye.